Pweza Haachi Mfupa

Kijiweni kwetu Kariakoo, kahawa ikiwa bado ya moto, mzee mmoja alitupa swali: "Kama mnyama hutokana na mnyama, mbona wale wa kwanza wametokea tu ghafla na macho na miguu yao, wazazi hawaonekani?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka. Charles Darwin mwenyewe alikiri mwaka 1859 kwamba trilobaiti, viumbe wa baharini wenye gamba la pingili, walimpa shida hiyohiyo.

Mzee alikuwa anazungumzia kipindi cha Kambri, kilichoanza miaka milioni 539 hivi iliyopita. Katika miamba yake, kama ile ya Burgess Shale huko Kanada aliyoigundua Charles Walcott mwaka 1909, makundi mengi makubwa ya wanyama wa leo tayari yamo. Kwa muda mrefu miamba ya chini yake, iliyo ya kale zaidi, ilionekana mitupu. Wanaopinga nadharia ya mageuko wamepiga kambi hapo.

Sasa nenda soko la samaki la Feri asubuhi. Pweza wanauzwa kila siku, lakini tembea ufukweni uone utaokota nini: simbi, vipande vya makome. Mabaki ya pweza hupati. Mwenye ganda huacha ushahidi, wa nyama tupu huoza akaisha.

Jibu hilo ni zuri, ila lina ujanja ndani yake. Kusema "walikuwepo, wameoza" ni rahisi mno kama huna cha kuonyesha. Bahati nzuri kipo. Mwaka 1946 Reg Sprigg alikuta kwenye vilima vya Ediacara, Australia, alama za viumbe laini walioishi kabla ya Kambri. Wenzao wamepatikana hata Namibia. Mwaka 2018 watafiti wakaripoti kolesteroli, dalili ya mnyama, katika visukuku vya Dickinsonia, mmoja wa viumbe hao laini, kutoka Urusi, vya miaka milioni 558 hivi.

Kwa hiyo pengo limejazwa, ila nusu. Wengi wa viumbe hao hawafanani na trilobaiti hata kidogo, na wapo wanasayansi wanaowaona kama tawi lililokauka. Hapo mzee ana haki yake.

Hilo la "ghafla" ndilo silikubali. Ghafla yenyewe ni kama miaka milioni 20. Fuvu la Zinj, lile la kale la Olduvai linalohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa hapa Dar, lina miaka milioni 1.75 hivi, rudia muda huo zaidi ya mara kumi ndipo uifikie. Kilichochochea ni nini, oksijeni kuongezeka, wawindaji kuzuka, au jeni? Wataalamu bado wanavutana. Lakini kuvutana juu ya chanzo cha moto si kusema nyumba haikuungua.

Nilimweleza mzee hayo yote. Akasikiliza, akauliza: "Na huyo Dickinsonia, mdomo wake uko wapi?"

Haujaonekana, nikamwambia.