Ami na Biriani la Hurumzi

Ami yangu anaishi Maskati tangu mwaka 1981, na ukimuuliza njia yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar atakuelekeza kwa tumbo. Hasemi Kiponda, atasema pale penye sambusa za nyama tupu. Hasemi Malindi, atasema pale tukinywa supu ya makongoro alfajiri pamoja na wavuvi. Vuga kwake ni katlesi za mapumziko ya filamu pale Majestic. Kwa hiyo alipokuja kututembelea na kuniambia, "Kesho n'takupeleka ukale biriani, ulijue biriani," niliona bora nifuatane naye asije akapotea kwenye mji aliozaliwa.

Tulianzia Darajani. Sinema ya Empire siku hizi ni supamaketi, na Ami aliingia akasimama mbele ya friji la mapaja ya kuku akanionyesha pazia lilipokuwa, na nani alikuwa akikaa wapi, na mzee gani akiuza njugu mlangoni kwenye kikaratasi cha gazeti. Hana sauti ndogo. Watu walitupisha na vikapu vyao wakidhani tunagombana.

Mimi hizo hoteli anazozililia nilizidiriki za mwisho mwisho nikiwa mtoto, na haki ya Mungu zilikuwa za kawaida tu. Meza ya marumaru iliyopasuka, jagi la maji na bilauri moja ya watu wote, na boi anayepiga kelele mpaka jikoni, "Nusu kuku, mchuzi mbali!" Menyu alikuwa nayo kichwani, na ukichelewa kuchagua anakuchagulia. Tena miaka ya sabini ilikuwa miaka ya foleni, mchele foleni, sukari foleni. Ami mwenyewe anakiri zipo siku hoteli ilifunguliwa ikawa na chai ya rangi na boflo, basi. Biashara ilipokuja kulegezwa katikati ya miaka ya themanini, yeye keshaondoka. Biriani analolikumbuka ni lile la kubahatisha, na hilo hakuna mpishi wa leo atakayelifikia hata apike kwa samli ya peponi.

Halafu Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, watalii wakazidi, kodi za nyumba zikapanda, na wapishi wengi wakajitwika masufuria yao wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa barabara. Vyumba vyao vikabaki kuuza vikoi na picha za twiga. Nilimwambia Ami, biriani la maana sasa tuvuke barabara. Akanijibu hakupanda ndege kuja kula Ng'ambo.

Tukafika Hurumzi. Mlango aliujua: njumu za shaba, vidato viwili, dirisha kushoto. Vyote vilikuwepo. Mimi nikanaswa barazani na jamaa mmoja wa salamu, wale ambao wakishakuuliza mama basi watakuuliza na jirani wa mama. Nilipoingia, Ami keshakaa.

Ndani palikuwa na baridi, taa za kusinzia, muziki wa filimbi, harufu ya udi. Ami amejilaza kwenye kiti cha kuegemea, na msichana wa sare nyeupe anamwekea miguuni beseni la maji ya vuguvugu yanayoelea mawaridi. Ami akaliinua, akaliweka mapajani, akanawa mikono yote miwili, akachota na ya kusukutua.

"Wameendelea," akaninong'oneza. "Zamani tukinawa maji ya mfereji."

"Baba," msichana akauliza kwa adabu, "tuanze na mikono?"

"Mikono, mwanangu! Kijiko cha nini?"

Basi akaushika mkono wake, akachota kwenye bakuli, akaanza kumsinga. Singo kamili, ya karafuu na liwa na asumini, kama bibi harusi. Ami amefumba macho, ameridhika. Nilifungua mdomo niseme neno, lakini msichana wa pili alikwisha nivua makubadhi, mguu wangu umo ndani ya beseni jingine, na vumbi la Darajani lilivyotoka, maji yakageuka chai ya maziwa. Aibu ile ilinifunga ulimi.

Nilipoinua macho, Ami alikuwa ametia kidole kwenye bakuli la singo. Akaramba. Akatafuna pole pole.

"Karafuu imezidi," akasema. "Na chumvi hamna. Mpishi nani?"

Msichana akanitazama mimi. Mimi nikatazama beseni.

Waligundua wenyewe alipoagiza firigisi. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Bili hata hivyo ilikuja, kwa dola, nikalipa mimi, maana Ami alikuwa bado anataka kujua biriani lenyewe linatoka saa ngapi.

Sasa rudi nyumbani na mzee wa miaka sabini na ushee ananuka singo mchana kweupe. Shangazi alitupokea mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena.

"Kaka! Unaoa?"

Na Ami, kwa njaa aliyokuwa nayo, akajibu bila kufikiri: "Nimezunguka mji mzima, sikupata!"

Ile habari ilifika Maskati kabla ya adhana ya alasiri. Simu ilipolia, Ami alitazama jina la mkewe, akanipa mimi. "Mwambie nilikuwa natafuta biriani."

Nikamwambia. Upande wa pili kukawa kimya.

"Na huyo Biriani," akauliza, "ni wa Unguja au wa Pemba?"