Waliopona ni panya, kaka yangu bado anameza dawa

Juzi kwenye grupu la ukoo mtu katupia meseji, "Dawa mpya ya TB yapatikana, miezi sita sasa basi!" Nikaisoma mpaka chini kabisa, kumbe waliopona ni panya. Kaka yangu yuko mwezi wa nne, kila asubuhi kabla ya chai vidonge kiganjani, mkojo rangi ya chungwa, naye akaisoma akaniuliza, kwa hiyo hata mimi naweza kuacha? Jamani nilikasirika.

Maana hii tushaipitia. Panya walionyesha ukiweka dawa ya moksifloksasini kwenye dozi unaweza kumaliza kwa miezi minne. Ikaja kwa watu, wagonjwa 1,931, Tanzania tukiwemo, majibu yakatoka 2014: makohozi yalisafika haraka kweli, lakini ugonjwa uliwarudia wengi kuliko waliomeza miezi sita.

Tatizo liko kifuani. Panya wa kawaida wa maabara ukimwambukiza TB, wadudu wanakaa ndani ya seli zake na dawa inawafuata humo humo. Sisi mapafu yanafanya vinundu, katikati nyama inakufa inakuwa kama mtindi mzito, hakuna mshipa wa damu unaofika pale, na wadudu wengine wamelala humo wanasubiri. Sasa dawa ambayo haijawahi kukutana na kinundu cha namna hiyo, utajuaje itafanya nini ndani ya kaka yangu?

Simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa, vinundu hivyo anavifanya. Ndio hawa hawa wa jikoni kwa bibi kule Makete, ukiingia na majani tu wanapiga miluzi kabla hujainama, na daktari Mjerumani Robert Koch alipothibitisha mdudu wa TB mwaka 1882 aliwatumia hao. Sawa, simbilisi ana gharama kuliko panya, na penisilini inayotuponya sisi yeye inaweza kumuua, kwa hiyo naye si mtu. Na nakubali, dozi ya miezi minne yenye dawa ya rifapentini iliyofaulu kwa watu 2021 nayo ilianzia kwa panya, tena siku hizi wapo panya wa ukoo maalumu wanaotoa vinundu. Basi watumieni hao! Mnyama achaguliwe kwa jinsi ugonjwa unavyokaa mwilini mwake, urahisi wa kumfuga uje baadaye.

Na ukituma habari, andika mstari wa kwanza kabisa ni mnyama gani aliyepona.

Kaka nimemwambia asiache hata siku moja. Jumatatu nakwenda naye kuchukua dawa za mwezi wa tano.