Kilo 9 zikageuka 24
Nimesoma habari ya gharama za kusafirisha vifurushi kutoka China, ila imeruka kitu kinachotuumiza sana sisi wafanyabiashara wadogo: uzito wa ujazo, yaani uzito unaopigiwa hesabu kwa ukubwa wa boksi. Mwaka jana niliagiza midoli Guangzhou kwa ndege, mzani unasoma kilo 9, nikapewa bei ya kilo nikapiga hesabu nikatulia, mzigo kufika Dar nadaiwa kilo 24! Kumbe boksi lilikuwa sentimita 60 kwa 50 kwa 40, wanazidisha wanagawa kwa 5000, kisha kati ya kilo hizo na za mzani wanachaji zilizo kubwa. Ndege inajaa nafasi, naelewa, ila kwa nini wakala wa usafirishaji hakuniambia kabla sijalipia mzigo? Na wapo wanaogawa kwa 6000, hapo ingekuwa 20. Jamani ulizeni kwanza wanagawa kwa ngapi, na mwambieni muuzaji apunguze ukubwa wa boksi.