Kipokezi cha LAIR1 kitengenezwe Dar es Salaam

Msimamo wangu ni huu: maabara za Dar es Salaam hazina sababu ya kuagiza kila protini ya kinga kutoka Ulaya na Marekani. Baadhi tunaweza kuzitengeneza wenyewe, na mimi ningeanza na LAIR1.

LAIR1 ni kipokezi kinachokaa juu ya seli za kinga za binadamu. Kikishika kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili, seli hupunguza makali ili isije ikaushambulia mwili wake. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinaitumia breki hiyohiyo: kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu huchomoza nje protini ziitwazo RIFIN, na baadhi yake hukinasa kipokezi hiki. Mwaka 2016 watafiti walitangaza walichokikuta kwenye damu ya watu wa Kilifi, pwani hiihii yetu. Kipande cha jeni la LAIR1, kutoka kromosomu ya 19, kilikuwa kimejichomeka katikati ya jeni la kingamwili. Kikaendelea kubadilika, kikapunguza kushika kolajeni na kuishika RIFIN kwa nguvu zaidi. Yaani mwili ulichukua kile ambacho kimelea hukinasa, ukakifanya silaha dhidi yake! Kila nikiisoma habari hii nasisimka upya. Kingamwili za aina hiyo zimeonekana pia kwa watu wa maeneo mengine ya Afrika yenye malaria.

Sasa mwanafunzi wa hapa akitaka kujua ni vimelea gani vya Rufiji vyenye RIFIN za kukinasa LAIR1, anahitaji kipokezi chenyewe kikiwa safi, akichanganye na chembe zenye vimelea, kisha aangalie zipi zimeshikwa. Kinachouzwa ni kichupa cha mikrogramu 50 au 100, mara nyingi unga mwembamba kiasi kwamba ukikiinua kwenye taa utadhani ni kitupu. Ndani yake mna sehemu ya nje tu ya kipokezi, mara nyingi iliyozalishwa na seli za HEK293, seli za figo ya binadamu zinazooteshwa maabara, zilizoanzishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Mkiani huwekewa histidini sita (vijenzi vidogo vya protini) ili inaswe na nikeli wakati wa kusafishwa, au huunganishwa na kipande cha kingamwili ya binadamu. Hapo pa mkia ndipo pa kuangalia sana. Ukinunua chenye kipande cha kingamwili, halafu ukapimia kwa kemikali inayotafuta kingamwili za binadamu, sahani nzima ya kupimia itawaka rangi na hutajua kitu.

Protini zinazosafirishwa zikiwa zimeganda huja na barafu kavu, nyuzi 78 chini ya sifuri. Nimeona boksi la namna hiyo likilala ghalani kusubiri kibali. Lilipofika maabara lilikuwa jepesi, barafu yote imeshaondoka hewani, na pesa ya mradi imeondoka nayo.

DNA haina usumbufu huo. Plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, yenye maelekezo ya kutengeneza LAIR1 husafiri ikiwa kavu kwenye karatasi, bila barafu, kama mtu anavyotumiwa mbegu za mchicha kwenye bahasha. Ikishafika huzalishwa ndani ya bakteria, ikaingizwa kwenye seli za HEK293 ili zitengeneze kipokezi, ikatumika tena na tena.

Najua kazi iliyopo. Seli za HEK293 zinataka joto la nyuzi 37, hewa yenye kabonidioksaidi na umeme usiokatika. Kila toleo lazima lipimwe usafi, na lijaribiwe kama kweli linashika kolajeni. Gharama hizo ni nzito kwa maabara moja, ila vyuo vya Muhimbili na Mlimani na taasisi ya utafiti ya Ifakara wakichangia chumba kimoja zinabebeka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu. Tunafundisha fundi mzuri kwa pesa ya mradi, mradi unaisha, naye anaondoka na ujuzi wake. Kwa hiyo ombi langu kwa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, si mashine kwanza. Watenge fungu la mafundi wawili wa protini wenye ajira ya kudumu, na jenereta ya chumba chao.