Simba wa Rubani na Piko ya Mama Mdogo

Jumapili iliyopita nusura tuachwe na ndege kwa sababu ya simba. Si simba wa Mikumi. Ni simba wa kuchorwa, anakaa kwenye mkono wa rubani, kuanzia chini ya kiwiko mpaka karibu na saa.

Tulikuwa tunarudi Dar kutoka harusini Unguja. Mama mdogo boti haimpendi. Upepo ukichachamaa kidogo tu, yeye anaanza kutapika boti ikiwa bado imefungwa kamba gatini. Tukachangishana tukamkatia tiketi ya ndege, zile Caravan za propela moja ambazo safari yake haifiki hata nusu saa. Humo hakuna mhudumu. Rubani mwenyewe anasimama mlangoni, anakuonyesha jaketi la kuokolea, anakuhimiza ufunge mkanda, kisha anakwenda kukaa pale mbele, unamwona kisogo na unaona kila anachogusa. Shati jeupe la mikono mifupi, mistari minne begani. Na simba.

"Huyu ndiye anayeturusha?"

"Ndiye, mamdogo."

"Huyu mhuni?" Na mkono ukaenda kwenye mkanda kuufungua. "Mimi nishusheni. Bora nikatapike."

Naomba muutazame huo mkono uliokuwa unafungua mkanda. Harusi ilikuwa ya mtoto wa dada yake, na wachoraji walikuwa wamemaliza ufundi wao wote. Maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, yalianzia kwenye kucha, yakapanda juu ya kiganja, yakazunguka kifundo, yakaparamia mpaka kwenye kiwiko, meusi tii, na hina imejaza katikati. Ukiweka mkono wa mama mdogo na wa rubani sambamba, aliyechorwa sana ni mama mdogo, tena kwa mbali.

Nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyelea mtoto akapata hasara. "Hii ni piko. Piko inatoka."

Tukaruka. Kuhusu simba mwenyewe, ningependa kuwaambia ni kumbukumbu ya marehemu baba yake ili mumwonee huruma, lakini sikumuuliza. Alikuwa simba wa kawaida kabisa, na aliyemchora alimkosea pua.

Jambo lingeishia hapo kama mama mdogo asingelipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jioni ileile. Humo ndimo nilimopandwa na hasira, maana ujumbe wa tatu tu, kutoka kwa binamu mmoja mwenye digrii mbili, ulisema: "Tatuu si utamaduni wetu Waafrika. Tumeiga kwa Wazungu."

Haya. Tuzungumze utamaduni.

Binamu, ulishawahi kufika Newala? Ulishawahi kumtazama bibi wa Kimakonde usoni, mistari iliyochanjwa na kutiwa weusi, mstari juu ya mstari, kazi ya fundi aliyelipwa kwa kazi yake? Ulishakutana na mama wa Kibarbaig mwenye duara za makovu zinazozunguka macho yake? Wamaasai wenye alama ya kuchomwa shavuni ndio hao wanaolinda geti lako usiku, na unalala. Na neno lenyewe, chale, tulilipata wapi kama hatukuwa na kitu cha kuliita? Mama mdogo angalau alisema piko inatoka, na hilo si jibu la kipuuzi: jambo la kudumu linatisha kuliko la muda. Lakini chale hazitoki. Watu wetu walichanjwa wakiwa vijana wakazikwa nazo, na hakuna aliyewaita wahuni mpaka alipokuja mgeni akasema ni ushenzi. Sasa mjukuu wa waliochanjwa anasema kuchora mwili ni kuiga wageni! Anayeiga hapa ni nani?

Mwalimu Nyerere alikuwa Mzanaki, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao. Zitazameni picha zake akicheka. Mwaka 1955 alipokwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuidai Tanganyika, meno hayo alikwenda nayo, hakuyafunika kwa plasta. Leo kijana mwenye meno yale akienda kwenye usaili wa ukeshia benki ataambiwa tutakupigia.

Plasta nimeitaja kwa sababu ya mpwa wangu. Ni keshia wa benki moja hapa mjini. Ana ua dogo kwenye kifundo cha mkono, dogo kuliko sarafu ya shilingi mia, alilochorwa akiwa chuo. Meneja aliliona siku anahesabu noti, akamwita ofisini, akampa mambo mawili achague: alifiche au aache kazi. Tangu hapo kila asubuhi anabandika plasta. Mwaka wa pili huu. Wateja wamezoea kumwambia "pole dada, uliungua?" na yeye anaitikia "nimeshapoa." Mzee mmoja wa Kariakoo alimletea asali apake. Kwa hiyo benki, ili kulinda uaminifu wake, imemwajiri mtu wa kuwadanganya wateja kila siku kuanzia saa mbili na nusu.

Waliokula fedha za watu katika nchi hii walivaa suti. Nasema tu.

Turudi kwa rubani. Ili akae kwenye kile kiti lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza: macho, masikio, moyo, damu. Kinahuishwa kila mwaka, na katika hali fulani kila miezi sita. Ustadi wake wa kurusha unapimwa mara mbili kwa mwaka, na akifeli anakaa chini. Ni kazi gani nyingine unayoijua inayokufanyia mtihani mara mbili kwa mwaka mpaka ustaafu? Daktari? Mbunge? Hakuna sehemu yoyote ya mtihani huo inayouliza juu ya simba. Na kwenye ndege kubwa mlango wa chumba cha marubani umeimarishwa na unafungwa safari nzima tangu yale mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001. Anaweza kuwa amechorwa twiga mzima mgongoni na wewe ukashuka ukasema kapteni mzuri.

Wengine wameshaamka. Air New Zealand mkia wa ndege zake una koru, mchoro wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wa jani changa la kangaga linalojikunja. Hata hivyo mwaka 2013 walimkatishia usaili mwanamke wa Kimaori kwa sababu ya mchoro wa jadi yao mkononi. Yaani mkia ruksa, mkono marufuku. Iliwachukua mpaka Septemba 2019 kuona aibu na kuruhusu. Virgin Atlantic wakafuata 2022, ingawa uso na shingo walisema bado. Emirates hawataki kabisa mchoro unaoonekana mtu akiwa kwenye sare, hata kwa wahudumu wanaotaka kuificha kwa vipodozi au bandeji, na vijana wetu wanaoota kwenda Dubai wanajua. Shirika lao, sheria zao.

Nitakubali mawili, na nayakubali kwa shingo upande. Sindano chafu inaleta homa ya ini, kwa hiyo hao mafundi wa vichochoroni wakaguliwe. Na mtu akijichora tusi kwenye paji la uso asitegemee nimpe mwanangu amfundishe chekechea.

Dini nayo ina neno lake, naliheshimu. Hadithi za Mtume zipo, na Mambo ya Walawi 19:28, inayokataza kuchanja na kuchora mwili, ipo. Ila mchungaji uliyeniletea aya hiyo kwenye kundi, aya ya 27, iliyo juu yake tu, inakataza kuharibu pembe za ndevu, na wewe kidevu chako kinang'aa kama sahani ya harusi.

Mama mdogo alikuwa msichana wakati wa Operesheni Vijana, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU wakizunguka mjini kukamata sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwenyewe anasimulia alivyokimbilia uani kwa jirani, paja nje, wigi kwapani. Anasimulia kwa kicheko. Nilimkumbusha hilo tukiwa angani, usawa wa kisiwa cha Mbudya. Akajifanya hasikii, injini inapiga kelele.

Kutua, hatukutua kama unyoya. Upepo ulikuwa wa pembeni, gurudumu moja likagusa, likafuata la pili kwa kishindo, mama mdogo akataja majina yote ya Mungu anayoyajua. Ndege iliposimama rubani akashuka wa kwanza, akaweka ngazi, akamnyooshea mkono. Ule wenye simba. Akaushika, piko juu ya manyoya, akashuka ngazi zote bila kuuachia.

"Nilimshika kwa sababu ngazi ilikuwa nyembamba," aliniambia kwenye teksi, kabla sijauliza.