Asilimia -43

Kijana aliyeniletea msimbo niukague alikuwa na adabu zake, na hiyo adabu ndiyo iliyoniponza. Kilikuwa kipande kifupi cha programu ya mtandao: kila baada ya milisekunde 100 kinachukua idadi ya baiti zilizokwisha kutumwa, kinazigawa kwa ukubwa wa faili, kisha kinamwonesha mtumiaji asilimia. Nikakisoma mara mbili. Sikuona kosa.

Sasa mkaguzi asiyeona kosa atajulikanaje kwamba amekagua?

Nikaanza kuchokonoa. Nikaondoa nafasi iliyozidi hapa, nikabadilisha jina la kigeu pale. Halafu macho yakatua kwenye namba inayohesabu baiti: ameipa biti 64, yaani baiti 8 za kumbukumbu. Nikaandika kwa mbwembwe, "Biti 64 za nini? Weka 32, tuokoe kumbukumbu."

"Sawa mkuu. Ila faili likiwa kubwa je?"

"Badilisha."

Akabadilisha. Nikajaribu kwa kapicha ka kilobaiti 12. Kakaruka kutoka 0 hadi 100 kabla sijapepesa jicho. Nikaidhinisha.

Siku ya kuwaonesha wakubwa, nani kashika kompyuta? Mimi. Bosi akasema tupakie video yake, baiti bilioni 3 kamili. Mstari wa kijani ukaanza kutembea taratibu, nami nikisimulia kama mtangazaji wa mpira. 69. 70. 71.

-71.

Mstari ukachomoka nje ya kisanduku chake, ukaelekea kushoto, ukalala juu ya nembo ya kampuni.

Bosi akainamia skrini. "Hii inapakia au inapakua?"

Namba ya biti 32 yenye kukubali hasi inaishia 2,147,483,647. Ukiiongezea moja tu, inapinduka hadi -2,147,483,648 na kuendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nalijua hilo tangu darasani. Nililikumbuka pale pale, mbele ya watu, jasho likinitiririka mgongoni.

Ubaya ni kwamba video yenyewe ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. -60. -50. Ilipofika -43, ujumbe ukatokea kwa furaha zote: "Hongera! Faili lako limepokelewa."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni yule kijana, amekaa kiti cha nyuma, uso mkavu:

"Mkuu, zile baiti 4 tulizookoa tuziweke wapi?"