Majarida ya mtandaoni: kusoma tunasoma, kusomwa je?

Asistenti wa Lubumbashi anayeandika tasnifu leo hahitaji tena kungoja profesa arudi kutoka Ubelgiji na fotokopi mkobani. Tangu 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ambao sasa ni sehemu ya Research4Life, unazifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya wachapishaji wakubwa, na Kongo imo katika kundi lisilolipa kitu. Ilimradi taasisi imejisajili, mwenye nenosiri anashika simu, na umeme upo. Wasio na nenosiri wanaijua njia ya Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila ruhusa ya wachapishaji, ingawa mbele ya jopo hakuna anayeitaja.

Wanaolilia majarida ya karatasi wanasahau kwamba karatasi yenyewe ilikuwa haitufikii. Hapo sina ubishi.

Ugumu uko kwenye kuchapisha. Mfumo wa makala huria umemwondolea msomaji bili na mara nyingi kumbebesha mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo 2021, ada ilikuwa euro 9,500. Watetezi hujibu kwamba wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi kama yetu. Ni kweli, lakini soma masharti: kwa kawaida msamaha unahusu majarida yaliyo huria kabisa, si yale ya mseto yanayouza usajili na kutoza ada kwa wakati mmoja. Matapeli wanaijua njaa yetu ya kuchapisha. Barua pepe inamwita asistenti "Profesa Mashuhuri", inamwahidi mapitio ya wataalamu ya siku chache, kisha inamtumia ankara. Anayehesabiwa makala ili apande cheo hushawishika, na simlaumu sana.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi, na Vincent de Rooij waliweka mtandaoni, kutoka Amsterdam, jarida la lugha na utamaduni wa watu wa kawaida Afrika. Humo mna historia ya jiji hili iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili chetu, kwa jina la waliokuwa maboyi wa Wazungu. Mtu wa mtaa wetu wa Katuba anaisoma bure kwenye simu. Lakini kumbukumbu hiyo yetu inatunzwa Ulaya, huku aliyetaka Likundoli, jarida la historia lililotoka hapa miaka ya 1970, alizoea kumtafuta mwenye nakala. AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, imeonyesha tangu 1998 kwamba yanaweza kuwekwa mtandaoni pamoja, ila mengi yaliyomo ni ya Kiingereza.

Fedha kidogo ya utafiti ikipatikana, ningenunua skana na kumlipa mtu mmoja wa kuzipanga makala zetu na kuzipa namba za DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, kabla ya kumlipia yeyote ada ya ng'ambo. Wapinzani watasema jarida la hapa halihesabiwi kimataifa. Litahesabiwaje nalo halionekani? Ila wana hoja moja nzito: mapitio yetu mara nyingine ni ya kujuana, na skana haitaondoa hilo.